Kubarikiwa kweli ni kupi? Kumbukumbu 28 na Mathayo 5 zinanichanganya

mfuatiliaji_neno

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Natakiwa kuongoza somo kwenye kikundi cha kujifunza Biblia, vipindi vinne, kila kimoja saa moja na nusu. Mada ni "Aliyebarikiwa". Nimekwama mahali pamoja. Kumbukumbu la Torati 28 inasema mtiifu atabarikiwa mjini na mashambani, uzao wa tumbo lake, kapu lake na chombo chake cha kukandia unga, atakopesha wala hatakopa. Nikifungua Mathayo 5 namkuta Bwana mwenyewe akisema heri maskini wa roho, heri wenye huzuni, heri wenye kuudhiwa.

Wanakikundi wengi wakisema "nimebarikiwa" wanamaanisha mambo yamenyooka: kazi, ndoa, watoto, nyumba. Nikishika Kumbukumbu peke yake, najua wapo watakaotoka wameumia. Nikishika Mathayo peke yake, nitaulizwa kama Agano la Kale limefutwa. Nianzie wapi, na makosa gani niyakwepe? Naomba majibu yenye vifungu, siyo "Mungu akutangulie" tu (ingawa nayo naipokea).

---

mzee_wa_agano

Amina, ndugu. Usianze na Kumbukumbu 28. Ukianzia hapo umeshakubali kwamba baraka ni malipo, na vipindi vinne vyote utavitumia kujitoa kwenye huo mtego.

Anza Mwanzo. Kabla ya dhambi kuingia Mungu anabariki mara tatu: samaki na ndege (1:22), watu (1:28) na siku ya saba (2:3). Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa ametii chochote bado. Waulize wanakikundi juu ya hiyo ya tatu: siku haizai, haina shamba wala mifugo, imebarikiwa nini? Imebarikiwa kwa kuwa Mungu ameifanya yake na kustarehe ndani yake. Waache wakae na swali hilo kabla hujawapa jibu.

Kisha Mwanzo 12:2-3. Neno la kubariki limerudiwa mara tano katika mistari miwili, na linaishia kwa "jamaa zote za dunia". Abramu (ndiye Ibrahimu) alikuwa na mifugo, fedha na dhahabu (13:2), hilo lisifichwe. Lakini katika nchi yote aliyoahidiwa, ardhi aliyoinunua ikawa milki yake ni shamba la Makpela lenye pango la kuzikia, kwa shekeli 400 za fedha (23:16), na ndipo alipozikwa. Waebrania 11:13 inasema hao walikufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi. Kama kubarikiwa ni kuwa na kitu mkononi, basi Ibrahimu, baba wa waliobarikiwa, hakufika.

Sasa Kumbukumbu 28. Hesabu mistari: baraka ni 14, laana ni 54 (15 hadi 68). Anayejitwalia zile 14 aeleze kwanza zile 54 amezipeleka wapi. Halafu angalia anayeambiwa ni nani. Ni taifa la Israeli, liko Moabu likikaribia kuingia nchini, na sura ya 27 imewapanga makabila sita juu ya Gerizimu na sita juu ya Ebali. Baraka zenyewe ni za taifa: mvua ya nchi, maadui kukimbia kwa njia saba, kukopesha *mataifa*. Taifa lilipoasi, Yerusalemu ukaanguka mwaka 586 kabla ya Kristo, na waliochukuliwa mateka, hata kabla ya mji kuanguka, ni pamoja na Danieli na Ezekieli, watu ambao hawakuwa waasi. Kwa hiyo hata ndani ya Agano la Kale sura hii haikuwa kanuni ya kupima mtu mmoja mmoja, kwamba fulani anastawi basi ni mtiifu, fulani ana dhiki basi kuna jambo anaficha.

Daraja la kuvukia ni Wagalatia 3:10-14. Usiliruke. Paulo anainukuu laana ya Torati, anasema Kristo ameibeba pale mtini, "ili kwamba baraka ya Ibrahimu iwafikilie Mataifa". Angeweza kumalizia kwa kutaja nchi, ng'ombe au watoto. Amemalizia hivi: "tupate kupokea ahadi ya Roho kwa njia ya imani." Maudhui ya baraka ya Ibrahimu, kwa aliye ndani ya Kristo, ni Mungu mwenyewe kukaa naye. Ukikosa hapo, somo zima litayumba.

Neno moja la Malaki 3:10 (leteni zaka kamili ghalani, mmwagiwe baraka), maana watakuletea tu. Ghala linalotajwa ni vyumba vya hekalu. Nehemia 13:10-12 inaonyesha kilichotokea ghala lilipokuwa tupu: Walawi hawakupewa sehemu zao, wakakimbilia kila mtu shambani kwake. Na fungu la kumi la kila mwaka wa tatu lilikuwa la Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu 14:28-29). Kosa la kawaida ni kusoma Malaki 3:10 bila 3:5, ambapo Mungu anakuja kushuhudia juu ya wanaomwonea mtu wa mshahara kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima. Mtu anaweza kuleta zaka kamili huku hajawalipa vibarua wake. Malaki hana baraka kwa mtu huyo.

---

mwl_zaburi

Nakubaliana na mzee hapo juu. Mimi niongeze upande wa Mathayo 5, kwa sababu ndipo somo hili linapoharibikia zaidi, na linaharibiwa na watu wenye nia njema.

Soma mistari kwa umbo lake. Mstari wa 3 hadi wa 10 kuna heri nane zinazosema "wao". Mstari wa 11 na 12 unaikunjua ile ya nane kwa kusema "ninyi". Ya kwanza na ya nane zinamalizia kwa maneno yale yale, "ufalme wa mbinguni ni wao", wakati uliopo. Sita za katikati zote ni wakati ujao: watafarijika, watairithi nchi, watashibishwa, watapata rehema, watamwona Mungu, wataitwa wana wa Mungu. Yaani ufalme ni wao tayari, na utimilifu wake uko njiani. Mwalimu akikaza "tayari" peke yake atamdanganya mwenye msiba. Akikaza "baadaye" peke yake, amemnyima faraja ya leo.

Kuhusu swali la Agano la Kale kufutwa: wapeleke Isaya 61:1-3 (wanyenyekevu kuhubiriwa habari njema, waliao kufarijiwa), Zaburi 37:11 (wenye upole watairithi nchi) na Zaburi 24:3-5 (mwenye mikono safi na moyo mweupe *atapokea baraka kwa BWANA*). Yesu hapo anafungua hazina ya zamani. Ukiwaonyesha hizo tatu, swali linakwisha lenyewe.

Makosa sasa. La kwanza ni kuzigeuza heri kuwa amri nane. Tafuta kitenzi cha kuamuru kuanzia mstari wa 3 hadi 11, hukipati. Amri ya kwanza iko mstari wa 12, "Furahini, na kushangilia". Yesu anatangaza hali ya watu ambao Mungu amewaelekea. Tukizifanya ngazi, mtu anaanza kujitahidi awe maskini wa roho ili apate kitu, na kujitahidi kwa namna hiyo ni utajiri wa roho uliovaa matambara.

La pili linahusu umaskini. Wapo wanaosema Mathayo anazungumzia roho tu, kwa hiyo mali haimo. Luka hawaruhusu: 6:20 ni "Heri ninyi mlio maskini", na 6:24 "Lakini ole wenu ninyi mlio na mali". Luka ana heri nne na ole nne, zinajibizana moja kwa moja. Wengine wanakwenda upande wa pili, kwamba kila asiye na kitu ni mwenye heri kwa sababu hana kitu. Lakini Luka anasema Yesu aliinua macho *akawatazama wanafunzi wake*. Anawasema watu waliomfuata na kufuata kukawagharimu. Shika injili zote mbili pamoja: maskini wa roho ni yule ambaye mbele za Mungu hana cha kuweka mezani, na mali ni hatari kwa sababu inamfanya mtu adhani anacho.

La tatu ni kuudhiwa. Siyo kila lawama ni mateso ya haki. Mstari wa 11 una masharti mawili, "kwa uongo" na "kwa ajili yangu". Petro anakazia katika waraka wake wa kwanza, 4:15, mtu asiteswe kama mwuaji, mwizi, mtenda mabaya, "au kama mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine". Huyo wa mwisho huwa anasahaulika sana. Mtu anaingilia nyumba za watu, anaambiwa ukweli, anarudi akisema anapigwa vita kwa ajili ya Injili.

Kwenye "wenye huzuni" usianze kuchuja huzuni za watu, ipi ya kiroho na ipi ya kidunia. Ndiyo, 2 Wakorintho 7:10 inatofautisha. Lakini mtu aliyefiwa hahitaji kukaguliwa.

Jambo dogo la kiutendaji: ukitafuta vifungu kwenye itifaki ya Biblia (orodha ya maneno na mistari yanamopatikana), tafuta "heri" pia, usiishie kwenye "baraka". Vinginevyo zitakupita Zaburi 1, Zaburi 32, Luka 11:27-28, Yohana 20:29, na heri saba za Ufunuo (1:3, 14:13, 16:15, 19:9, 20:6, 22:7, 22:14). Zaburi 32:1-2 uitilie mkazo, kwa kuwa Paulo anaitumia katika Warumi 4:6-8 kueleza heri ya mtu ambaye Mungu amhesabia haki pasipo matendo. Kusamehewa ni baraka isiyoonekana kwa macho, na ndiyo maana haitajwi kwenye shuhuda zetu.

---

kisima_cha_jioni

Shalom wote. Nimesoma, na ni kazi nzuri, ila mnaelekea kuwafanya watu waone haya kushukuru kwa chakula. Biblia haina haya hiyo. Zaburi 128 inamwonyesha amchaye BWANA akila taabu ya mikono yake, mke kama mzabibu, watoto kama miche ya mizeituni kuzunguka meza, na inasema wazi kwamba huyo amebarikiwa. Mithali 10:22: "Baraka ya BWANA hutajirisha, wala hachanganyi huzuni nayo." Yakobo 1:17 kila kutoa kuliko kwema hutoka juu. Paulo anawakemea wanaokataza watu wasioe na wajiepushe na vyakula (1 Timotheo 4:3-5). Mkristo anayedharau mkate, afya na ndoa kwa kisingizio cha mambo ya rohoni amekwenda kando na Mwanzo 1.

Ninavyofundisha mimi: mali ni zawadi, wakati mwingine ni ishara, lakini kamwe siyo kipimo. Haiwezi kuwa kipimo kwa sababu Baba huwaangazia jua na kuwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45). Kwa sababu hiyo hiyo mwandishi wa Zaburi 73 karibu miguu yake iteleze. Alitumia kipimo cha mali, akawaona wasio haki wananawiri, akaona amejisafisha moyo bure. Kilichomrudisha siyo kupata mali. Aliingia patakatifu (mst. 17), na alipotoka akasema kumkaribia Mungu ni kwema kwake (mst. 28). Hali yake ya mfukoni ilikuwa ile ile.

Na Ayubu, tafadhali, msome kwa mpangilio. Wahubiri wanakimbilia 42:12, kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi za ng'ombe 1,000 na punda wake 1,000, mara mbili ya sura ya kwanza. Angalia 42:5-6 imetangulia. "Sasa jicho langu linakuona" amelisema akiwa bado mavumbini na majivuni, majipu mwilini, hana ng'ombe hata mmoja. Halafu 42:7, Mungu anawakasirikia rafiki zake, wale ambao fundisho lao lote lilikuwa anayeteseka ametenda dhambi. Mali inarudi kwenye mstari wa 10, alipowaombea hao hao. Tena mifugo imerudi maradufu, watoto wamerudi idadi ile ile, wana saba na binti watatu, na hakuna mzazi atakayekubali kwamba wale kumi wa kwanza "wamefidiwa". Anayehubiri Ayubu kama hadithi ya maradufu amejiunga na Elifazi, mmoja wa rafiki hao, bila kujua.

Kwa walio na mali, 1 Timotheo 6:17-18 inatoa maagizo ya kazi: wasijivune, wasiutumainie utajiri usio yakini bali Mungu, watende mema, wawe tayari kutoa mali zao na kushirikiana na wengine. Hawaambiwi waone haya. Soma na Kumbukumbu 8:10-18, inaeleza ugonjwa unavyoanza: utakula na kushiba, utajenga nyumba nzuri, fedha itaongezeka, moyo utainuka, utasema nguvu zangu ndizo zilizonipatia. Hatari inaingia baada ya kushiba. Wenye njaa wana majaribu yao, lakini hili si lao.

---

katekista_mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo.

Naongeza kifupi kutoka upande wa Kanisa Katoliki, maana swali hili limechambuliwa sana huko. Thomas wa Akwino, karne ya 13, aliuliza heri ya mwanadamu iko wapi, akaenda kwa kuondoa kimoja kimoja: mali, heshima, sifa, mamlaka, uzima wa mwili, anasa. Hoja yake juu ya mali ni nyepesi kuielewa: fedha hutafutwa kwa ajili ya kitu kingine, na kinachotafutwa kwa ajili ya kingine hakiwezi kuwa mwisho wa safari. Alipomaliza kuondoa, hakubakiwa na kiumbe chochote. Heri kamili ni kumwona Mungu, ile ile ya Mathayo 5:8 na 1 Yohana 3:2. Papa Benedikto XII akalitamka rasmi mwaka 1336, kwamba roho zilizokwisha kutakaswa humwona Mungu hata kabla ya hukumu ya mwisho. Hata jina Mwenyeheri, ambalo Kanisa humpa mtu kabla ya kutangazwa Mtakatifu, halina uhusiano wowote na aliacha nini benki.

Jingine ni baraka juu ya vitu: maji, rozari, nyumba, chombo cha safari. Katekisimu (namba 1671) inazieleza kama sifa kwa Mungu na ombi la kupata vipaji vyake, na inarejea Waefeso 1:3, kwamba tumebarikiwa kwa baraka zote za rohoni ndani ya Kristo. Kosa ni kuzitumia kama hirizi. Mtu ananyunyiza maji ya baraka mlangoni na hajasema na ndugu yake mwaka mzima. Kilichobarikiwa kimewekwa kimwelekeze mtu kwa Mungu. Akikitegemea chenyewe, amekigeuza matumizi.

---

mfuatiliaji_neno

Nashukuru sana, mmenifungua. Swali la pili, na hili ndilo linaloniogopesha. Kumbukumbu 28:4 na Zaburi 127:3 zinataja uzao. Kwenye kikundi wapo waliokaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na yupo mgonjwa wa muda mrefu. Kipindi kikifika hapo niseme nini? Pia kuna wanaofundishwa "panda mbegu uvune baraka" kwa 2 Wakorintho 9:6. Nako huko?

---

mwl_zaburi

Dada au kaka, la uzao lianzie Luka 1:6-7. Zakaria na Elisabeti "wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu", wakienda katika amri zote bila lawama, na mstari unaofuata unasema hawakuwa na mtoto. Luka ameweka haki na utasa bega kwa bega makusudi. Kisha Isaya 56:3-5, ambapo towashi anakatazwa kujiita mti mkavu, naye anaahidiwa nyumbani mwa Mungu jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Ahadi hii inaweza kusomwa mbele ya mtu asiye na mtoto pasipo kumdanganya. Habari za Sara na Hana zisome, ila usizigeuze ratiba. Aliyetajiwa wakati wa kuzaliwa mtoto ni Ibrahimu, juu ya Sara (Mwanzo 18:10), na msemaji alikuwa BWANA. Sisi hatuna mamlaka ya kumtajia mtu tarehe.

Kwa mgonjwa: Yohana 9:2-3 wanafunzi wanauliza nani alitenda dhambi, Yesu anakataa swali lenyewe. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondoke, jibu likawa neema (2 Wakorintho 12:7-9). Trofimo, mwenzake Paulo safarini, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Timotheo akashauriwa mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23). Hakuna kati yao aliyeambiwa imani yake ni ndogo.

Kwa vitendo: mwulize mhusika faraghani, siku chache kabla ya kipindi, kama yuko tayari suala hilo kuguswa. Usimwombee mbele ya watu bila ruhusa yake. Mwulize anataka uombe nini, uombe hicho, kwa sentensi chache. Usimwambie aache dawa, Yakobo 5:14 inaita wazee waje kuomba na kupaka mafuta, haimfukuzi tabibu. Na ukitoa nafasi ya shuhuda, usiombe za waliopata tu. Mpe nafasi pia aliyemwomba Mungu na bado anasubiri, akae na Zaburi 13 au hata 88, ambayo inaishia gizani na bado imo ndani ya Biblia. Kikundi kinachosikia shuhuda za aina moja kitajifunza kunyamaza kuhusu nyingine.

---

mzee_wa_agano

La mbegu. 2 Wakorintho sura ya 8 na 9 ni habari ya mchango mmoja maalumu, kwa ajili ya maskini walio miongoni mwa watakatifu wa Yerusalemu (Warumi 15:26). Kwa hiyo fedha ilikuwa inakwenda kwa wenye shida. Mtoaji ameamriwa atoe "kama alivyokusudia moyoni mwake", si kwa huzuni wala kwa lazima (9:7). Je, atavuna? Ndiyo, Paulo anasema hivyo bila kuficha, na mavuno yametajwa: riziki za kutosha, "mpate kuzidi sana katika kila tendo jema" (9:8), na shukrani kwa Mungu (9:11). Anapewa ili aendelee kutoa.

Dalili za kuharibika unaweza kuziorodhesha kwa kutazama Paulo alifanya nini. Hakupanga kiwango kwa ajili ya muujiza fulani. Hakubeba fedha peke yake, alituma na ndugu wengine wanaoaminika, akajihadhari mtu asiwalaumu (8:18-21). Akaweka msingi kwa Kristo aliyekuwa tajiri akawa maskini (8:9). Palipo na kiwango kilichotajwa, muda wa mwisho, na mfuko usio na mkaguzi, msipeleke 2 Wakorintho 9 kama kibali.

Kuhusu mpangilio wa dakika 90, mimi ningegawa hivi: dakika 10 kusoma kifungu kwa sauti, mara mbili, wasomaji wawili tofauti. Dakika 35 za kufundisha. Dakika 30 makundi ya watu wanne hadi watano, swali moja tu. Dakika 15 kukusanya na kuomba. Walimu wengi wanakula muda wa makundi, na hapo ndipo watu wanaposema wanachoamini kweli.

Kipindi cha kwanza Mwanzo 1, 2, 12 na 23. Cha pili Kumbukumbu 28, Malaki 3 na Wagalatia 3, na hicho kitakuwa kizito, usikipakie kingine. Cha tatu Mathayo 5 na Luka 6. Cha nne Waefeso 1:3-14. Wape karatasi yenye safu mbili, upande mmoja kilichotolewa, upande wa pili mstari wake: kuchaguliwa (4), kufanywa wana (5), ukombozi na msamaha (7), kujulishwa siri ya mapenzi yake (9), urithi (11), muhuri wa Roho (13), arabuni (14). Kisha waulize ni kipi kati ya hivyo kinaweza kuondolewa na kufukuzwa kazi, ugonjwa au kifo. Wasipate haraka ya kujibu.

Zoezi la makundi kwa siku hiyo hiyo: nakili barua mbili za Ufunuo, 2:8-11 na 3:14-22, ukifuta majina ya miji. Waulize kanisa lipi limebarikiwa. La kwanza lina dhiki na umaskini na linaambiwa "lakini u tajiri", wala halina karipio hata moja. La pili linasema halina haja ya kitu, na halijapata sifa hata moja. Majina, Smirna na Laodikia, wape mwishoni. Usisahau 3:20, yule wa pili naye anabishiwa mlango. Na 1 Petro 3:9 iingie kabla hamjafunga: walioitwa warithi baraka ndio hao wanaotakiwa kuwabariki wanaowatenda vibaya. Kazi ya nyumbani iwe hiyo, kila mtu ataje moyoni mtu mmoja anayemwudhi, amwombee mema kila siku hadi mkutane tena.

---

kisima_cha_jioni

Naongeza: fungeni vipindi vyote vinne kwa Hesabu 6:24-26, na msiirefushe. Watu wanapenda kuongezea "akupe na gari, akupe na visa". Iacheni ilivyo. Jina la BWANA mara tatu, ulinzi, fadhili, amani, na uso wake mara mbili. Kwa Kiebrania mistari ina maneno matatu, kisha matano, kisha saba, inapanuka yenyewe. Mabamba mawili madogo ya fedha yaliyochimbuliwa Ketef Hinnom, Yerusalemu, mwaka 1979, yana maneno ya baraka hii, nayo yameandikwa kabla ya wakati wa Kristo kwa karne kadhaa. Kama maneno yameweza kukaa muda wote huo bila gari, yatatosha na kwenye kikundi chenu.

---

mfuatiliaji_neno

Nimecheka hapo kwenye visa. Swali la mwisho: sisi hatuna mchungaji kwenye kikundi. Nani aitamke?

---

katekista_mstaafu

Hesabu 6:23 imewapa kazi hiyo Haruni na wanawe, na makanisa mengi yanamwachia kasisi au mchungaji kutamka "akubarikie" juu ya kusanyiko, huku akiinua mikono. Mwulize kiongozi wa kanisa lenu kwanza. Kama hilo halijaruhusiwa, someni pamoja kwa kuomba: "BWANA atubarikie, na kutulinda", wote mkiwemo, bila kuinua mikono juu ya mwingine. Mstari wa 27 nao usomwe, ule ambao Mungu anasema "nami nitawabarikia", na unasomwa baada ya maombi, siyo kabla.